Stellenbosch: Kunakoonjwa divai iliyolelewa na upepo wa bahari

WAKENYA wengi wakitajiwa Afrika Kusini hukumbuka Mandela, migodi ya dhahabu na kandanda. Ni wachache watakaotaja zabibu. Hata hivyo, ingia katika supamaketi kubwa ya Nairobi au Mombasa, simama mbele ya rafu za divai, na utaona kwamba chupa si haba zimetoka huko. Katika karatasi zilizobandikwa kwenye chupa hizo kuna jina moja linalojitokeza tena na tena: Stellenbosch.

Mji huo uko umbali wa kilomita 50 hivi mashariki mwa Cape Town. Ni mji wa chuo kikuu, wenye nyumba nyeupe za kale na mialoni iliyopandwa kando ya barabara zake. Ulianzishwa mwaka wa 1679 na gavana Mholanzi, Simon van der Stel, ambaye bila haya yoyote aliupa jina lake mwenyewe.

Mpwa wangu anasomea uchumi huko, na ndiye aliyenialika nikamwone mwezi wa Februari. "Mjomba, usije wakati wa mvua," aliniambia kwa simu. "Njoo wakati wa mavuno, zabibu zikiwa bado shambani." Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, nao msimu wa joto huwa mkavu. Zabibu huanza kuchumwa mwishoni mwa Januari na kazi huendelea hadi Machi au Aprili.

Huenda wewe msomaji huonji kileo, ama kwa sababu ya dini au kwa hiari yako. Usifunge ukurasa. Divai ni zao la shamba kama ilivyo chai ya Kericho au kahawa ya Nyeri, na kama mazao hayo, ina habari ya hali ya hewa, ya udongo, na ya mikono iliyolichuma. Habari hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tuliondoka mjini baada ya chakula cha mchana tukielekea kusini, kwenye miteremko ya mlima Helderberg. Mpwa wangu ndiye aliyeendesha gari. "Leo wewe utaonja, Mjomba, mimi nitanusa tu," alisema, na kwa hakika hakugusa hata tone siku nzima. Ningependa vijana wetu wa Nairobi waige mfano huo usiku wa Ijumaa.

Helderberg una kimo cha zaidi ya mita 1,000. Ukipanda kidogo kwenye miteremko yake na kugeuka nyuma, unaiona bahari yote mbele yako: ghuba pana inayoitwa False Bay, yaani Ghuba ya Uongo. Jina hilo lilitokana na mabaharia wa zamani waliokuwa wakirejea kutoka mashariki. Waliona rasi ya kwanza, wakadhani ni ile ya Cape Point, wakapinda kuelekea kaskazini wakitarajia kufika bandari ya Cape Town, na badala yake wakajikuta katika ghuba hii nyingine.

Tulipofika shambani ilikuwa yapata saa nane, na jua lilikuwa kali la kutoboa utosi. Mizabibu ilikuwa imesimama kimya, kila jani limenyongea. Nilianza kujuta kwamba sikuja na kofia. Mara, kabla ya saa tisa, majani yakaanza kutikisika. Kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, na kufumba na kufumbua shati langu lilikuwa limejaa hewa kama tanga la jahazi. Joto likavunjika. Mpwa wangu akacheka. "Umefika sasa," alisema. Alikuwa akiusemea upepo.

Aliyewahi kuketi Mama Ngina Drive, Mombasa, alasiri, akila mihogo ya kukaanga, anaujua upepo wa namna hiyo. Ardhi hushika joto upesi kuliko maji. Mchana hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata moto na kupaa, na pengo lake hujazwa na hewa baridi kutoka baharini. Tofauti ni kwamba maji ya False Bay si kama yale ya Nyali. Ukitumbukiza mguu utaurudisha mbio. Kwa hivyo upepo unaotoka huko huwa na ubaridi wa kweli, na mashamba yanayoitazama ghuba hupata afueni kila alasiri, huku yale yaliyo mbali zaidi barani yakiendelea kuungua hadi jua lizame.

Na je, mzabibu unafaidika vipi? Zabibu inapoiva hujaza sukari, nayo sukari ndiyo baadaye hugeuzwa na hamira kuwa kileo. Ikipigwa na joto kali mfululizo, sukari hupanda haraka na ule uchachu wake wa asili hupotea. Divai yake huwa nzito na legevu, kama sharubati iliyochemshwa. Lakini zabibu inayopozwa alasiri na usiku huiva polepole. Uchachu hubaki, na maganda hupata muda wa kukomaa. Na maganda ndiyo kila kitu katika divai nyekundu. Kamua zabibu nyeusi na utaona kwamba maji yake hayana rangi ya kutajika. Wekundu wote hutoka kwenye ganda, wakati maji na maganda yanapoachwa pamoja yachachuke.

Kuna na upepo mwingine, mkubwa kuliko huu wa alasiri, nao hutoka kusini-mashariki. Wenyeji huuita Daktari wa Cape, kwa kuwa watu wa zamani waliamini kwamba huufagia mji wao ukaondoa moshi na maradhi. Ndio unaotandaza wingu jeupe juu ya mlima Table kama kitambaa cha meza. Watu wa Pwani wasiuchanganye na kusi wetu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, ilhali Daktari hufanya kazi yake katika nusu nyingine ya mwaka, kuanzia Septemba hadi Machi hivi. Kwa wakulima ni daktari kweli, maana hukausha unyevu kwenye majani na kuzuia ukungu unaooza matunda. Lakini ni daktari mwenye mkono mzito. Siku nyingine huvuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa na kuvunja machipukizi. Mizabibu mingi mikongwe hapa haikutandazwa kwenye nyaya. Imeachwa iote kama vichaka vifupi, mtindo ambao huisaidia kuinama mbele ya upepo huo.

Vichaka hivyo vilikuwa vya aina ya zabibu inayoitwa Pinotage, na hiyo ndiyo tuliyokwenda kuionja. Pinotage ni mwana wa Stellenbosch hasa. Mwaka wa 1925 Profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha mji huo alichanganya mizabibu miwili ya Kifaransa. Mmoja ni Pinot Noir, unaotoa divai ya kifahari lakini ni mdekaji asiyependa joto. Wa pili ni Cinsaut, mkakamavu, mvumilivu wa jua na wenye kuzaa sana, ambao wakati huo huko Cape uliitwa Hermitage. Nusu ya jina hili na nusu ya lile zikazaa Pinotage.

Profesa alipata mbegu nne tu. Akazipanda katika bustani ya nyumba aliyopewa na chuo, na mwaka wa 1927 akahamia kazi nyingine mjini Paarl, akaziacha pale. Bustani ikamea magugu. Wafanyakazi walipotumwa kuifyeka, mhadhiri mmoja kijana, Charlie Niehaus, alikuwa akipita kwa baiskeli. Alijua kuhusu miche ile minne, akaiokoa. Perold alifariki mwaka wa 1941, miaka 20 kabla ya chupa ya kwanza yenye neno Pinotage kuuzwa madukani mwaka wa 1961. Na shamba la kwanza kupanda zabibu hiyo kwa biashara lilikuwa Myrtle Grove, karibu na Sir Lowry's Pass, hapo hapo pembeni mwa False Bay, ndani ya upepo ule ule.

Basi tukaingia katika chumba cha kuonjea. Ni ghala la zamani, kuta nene, ndani kuna harufu ya mbao na ya matunda yanayochachuka. Mapipa yalikuwa yamepangwa hadi nyuma kabisa, kila moja la lita 225, ambazo zikitiwa chupani hutoa chupa 300. Aliyetupokea ni mama wa makamo, mwenyeji wa Cape, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Mpwa wangu alimwita Anti, jinsi vijana wa huko wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri, hata kama si ndugu yao. Naye akaniita Kaka, akacheka alipoona nimeishika glasi kwa tumbo lake. "Shika shina," aliniambia. "Mkono wako una moto. Tumepigana na joto tangu shambani, usije ukaliingiza hapa."

Alimimina kidogo sana, kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Nilidhani ni ubahili, kumbe ndio utaratibu. Kwanza unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na kutazama. Ilikuwa nyekundu ya kuelekea zambarau, na ukingoni ikipauka kidogo. Pili unaizungusha ili hewa iingie na harufu ifumuke. Tatu unanusa, pua yote ndani, bila aibu.

Wataalamu wa divai wana lugha yao, na mara nyingi huwa inanichekesha. Watakwambia wanasikia harufu ya majani ya msitu baada ya mvua, ya tandiko la farasi, ya sanduku la sigara. Mimi nilisikia nilichokijua: plamu zilizoiva sana, zile zinazouzwa kando ya barabara ya Limuru, na nyuma yake moshi mwembamba, kama wa jiko la makaa lililozimwa jana yake. Mpwa wangu alinusa na kusema ndizi mbivu. Nikadhani anatania, lakini Anti akatikisa kichwa kumkubalia. Pinotage ikichachuka vibaya, alisema, hunuka ndizi, au mbaya zaidi, rangi ya kucha. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wajuzi wa Ulaya waliibeza. Ikitengenezwa kwa uangalifu, ndizi hiyo hubaki kwa mbali tu, nao moshi na matunda hutangulia.

Kisha unaonja. Unachukua funda dogo, unalizungusha kinywani kila pembe, hata chini ya ulimi. Mwanzoni nilipata utamu wa tunda, ingawa divai yenyewe haina sukari ya kusemeka. Ukafuata uchachu mkali, safi, wa kuamsha mate, kama wa ukwaju. Nikamtazama mpwa wangu. Huo ndio ule upepo. Bila alasiri za baridi kutoka ghubani uchachu huo usingekuwepo, na divai ingekaa mdomoni kama uji. Mwisho ukaja ukakasi, ule unaokausha ulimi na fizi. Aliyewahi kutafuna bibo la mkorosho anaujua, na aliyekunywa strungi iliyokolea sana pia anaujua. Hutoka kwenye maganda na mbegu, na kidogo kwenye mbao za pipa.

Wapo wanaosema kwamba divai ya miteremko hii ina chumvi ya bahari ndani yake. Niliitafuta chumvi hiyo katika glasi tatu. Sikuipata, na ninashuku kwamba wanaoionja wameitazama bahari kwanza.

Kando ya kila glasi kulikuwa na ndoo ndogo ya kutemea. Wenye kazi hii huonja kwa makumi kwa siku, na divai nyekundu ya huku huwa na kileo cha asilimia 14 hivi, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Wasipotema hawatafika mchana. Wageni wengi, hata hivyo, humeza. Niliona kwamba Anti alikuwa akionja kila chupa aliyoifungua ili ahakikishe haijaharibika, na kila mara alitema, kwa makini, kisha akasukutua kwa maji. Nikamwuliza kama hajawahi kumeza hata siku moja.

"Babangu alilipwa kwa hii," alisema akiinua chupa. "Mimi nalipwa pesa. Sitaki kuichanganya."

Maneno hayo hayaeleweki bila historia. Wahamiaji Waholanzi wakiongozwa na Jan van Riebeeck walifika Cape mwaka wa 1652, katika malisho ya Wakhoikhoi na ng'ombe wao. Mzabibu wa kwanza ulipandwa mwaka wa 1655, na mwezi wa Februari mwaka wa 1659 zabibu zikakamuliwa kwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka hiyo miwili kuna mwaka wa 1658, ambapo meli za kwanza kubwa za watumwa zilitia nanga. Tangu hapo hadi 1808, watumwa wanaokadiriwa kuwa 63,000 waliletwa Cape kutoka India, Indonesia, Madagaska na Msumbiji, na wengine katika upande huu wetu wa Bahari ya Hindi. Ndio waliopanda, wakapogoa, wakachuma na kukamua. Zile nyumba nyeupe zinazopigwa picha na watalii, ni mikono yao pia.

Utumwa ulipofutwa mwaka wa 1834, na muda wa nyongeza wa kuwafungia kazini ulipokwisha mwaka wa 1838, waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi. Wengi walibaki katika mashamba yale yale. Na humo ukashamiri utaratibu ulioitwa dop: sehemu ya ujira wa kibarua kulipwa kwa divai, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, ile duni isiyouzika. Mtu akishakuwa mlevi hana pa kwenda, na kesho atarudi kazini. Sheria iliupiga marufuku utaratibu huo katika miaka ya 1960, lakini baadhi ya mashamba yaliendelea nao hata katika miaka ya 1990. Hadi leo mkoa huo wa Western Cape una watoto waliozaliwa na madhara ya pombe waliyokunywa mama zao wakiwa wajawazito, kwa viwango ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kurekodiwa duniani.

Anti hakueleza mengi kuhusu babake. Alisema tu kwamba alikuwa fundi hodari wa kupogoa mizabibu na kwamba hakufika miaka 50. Yeye mwenyewe alianza shambani akiwa msichana, akachuma, akasomea kazi hii ya kuonja jioni baada ya saa za kazi, na sasa pua yake ndiyo inayoulizwa kabla ya pipa lolote kutiwa chupani. Mpwa wangu alikuwa amenyamaza kwa muda, akiandika kwenye simu. Huyo ndiye mwanauchumi wetu.

"Mjomba, chupa hii ni randi 180," alisema. "Kima cha chini cha mshahara hapa, kilichoanza Machi 2025, ni randi 28.79 kwa saa. Mchumaji atafanya kazi zaidi ya saa sita ili ainunue."

"Hiyo ni afadhali," Anti akamjibu. "Uliza ilivyokuwa 2012." Mwaka huo vibarua wa mashamba ya zabibu waligoma, kuanzia bonde la De Doorns hadi miji mingine ya mkoa. Walikuwa wakilipwa kima cha chini cha randi 69 kwa siku. Si kwa saa, kwa siku. Baada ya ghasia za wiki nyingi, serikali ilikipandisha hadi randi 105 kuanzia Machi 2013.

Je, tuisusie basi divai hii? Hilo swali nililizungusha kichwani kama nilivyoizungusha glasi. Walimwengu waliwahi kuisusia, wakati wa ubaguzi wa rangi, na walikuwa na sababu. Mandela alipotoka gerezani Februari 11, 1990, alitoka katika gereza la Victor Verster karibu na Paarl, katikati ya mashamba ya zabibu, yapata nusu saa kwa gari kutoka tulipokuwa. Baada ya 1994 milango ya masoko ilifunguliwa na divai ikamiminika ng'ambo. Nilimwuliza Anti maoni yake. Alishangaa kwamba naweza kuuliza. Wanawe wawili wamesoma kwa kazi hii. Alichokitaka ni kwamba mnunuzi achague mashamba yanayotoa hati za kuonyesha kwamba vibarua wanalipwa na kupewa makao yanayostahili, na alinionyesha alama ya kutafuta nyuma ya chupa. Mimi nimemwamini yeye kuliko wanaosusa wakiwa mbali.

Nilinunua chupa moja. Anti aliniagiza nisiinywe na joto la Nairobi: iwekwe kwenye jokofu nusu saa, itolewe, ifunguliwe, iachwe ipumue. Tena ipewe nyama ya kuchoma, maana ukakasi ule hutulizwa na mafuta. Huko kwao nyama choma huitwa braai, na wanaipenda kama sisi.

Tulipotoka nje ilikuwa yapata saa kumi na moja. Upepo ulikuwa umezidi, na ghuba ilikuwa imejaa mawimbi yenye vichwa vyeupe. Wachumaji walikuwa wamemaliza, wanawake kwa wanaume, wameketi kwenye trela ya trekta, vilemba vimefungwa barabara ili visipeperuke. Mmoja alitupungia mkono wenye rangi ya zambarau hadi kwenye kiwiko. Anti alitoka mlangoni akaita kitu kwa Kiafrikana, trela nzima ikaangua kicheko, na trekta ikateremka kuelekea barabarani.